Steringi Hafi, Bibi Ndiye Mchawi

Mwaka jana mtoto wa jirani yetu hapa Mbwawa alifariki kwa malaria. Kabla matanga hayajaanuliwa, mtaa ulikuwa umeshapata mhusika: bibi mmoja mjane, msharika wetu, anayekaanga maandazi kwa kuni. Niliwauliza vijana wangu wa kipaimara ushahidi ni upi. Mmoja akajibu bila kuona aibu, “Mchungaji, mwangalie macho. Mekundu kama ya yule wa kwenye muvi.”

Mzee mmoja wa kanisa aliposikia alinitaka niwapige marufuku kwenda kibanda umiza. Nilikataa na bado nakataa. Nami katika ujana wangu nimekaa kwenye yale mabenchi, watu wamebanana mbele ya televisheni moja, sauti ya Lufufu ikitutafsiria Kiingereza na kuchomeka vichekesho ambavyo mwenye sinema hakuviweka. Kama tatizo ni damu, basi tufunge na kitabu cha Waamuzi.

Sinema ya kusisimua ina kanuni zake, na kanuni si dhambi. Steringi hafi. Anayechekacheka sana mwanzoni hafiki mwisho. Hitchcock, yule Mwingereza aliyetengeneza Psycho mwaka 1960, alipenda kueleza kwamba bomu lililofichwa chini ya meza likilipuka ghafla, mtazamaji hushtuka kwa sekunde chache tu. Lakini ukimwonyesha bomu kwanza, kisha ukawaacha wahusika wapige soga mezani, atakaa roho juu muda wote. Ndivyo muziki unavyofanya kazi. Unashuka, mlango unalia, kamera inaganda usoni pa mtu, na kibanda kizima kinapiga kelele: “Huyo huyo!” Na kweli ndiye, kwa sababu aliyeitengeneza alikusudia tumjue.

Mtaani hakuna muziki. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tunatoka kibandani na ile hamu ya kumjua mbaya kabla hajatenda, kisha tunamtafutia sura. Filamu zetu wenyewe, tangu enzi za Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zimetuzoesha kuona hatari inatoka makaburini na kwa majini. Za Nigeria, tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, zimetufundisha kwamba nyuma ya utajiri kuna kafara. Ni hadithi, na nyingine ni nzuri. Lakini Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka nenda miaka rudi. Waliowaua hawakuwa wakiigiza.

Sasa niwageukie wenzangu wa mimbari, maana lawama nyingi ni zetu. Tumeichukua kanuni hii tukaivalisha kola. “Kuna mtu humu ndani,” tunasema, kisha tunanyamaza, kinanda kinalia taratibu, “kuna mama amefunga kizazi cha nyumba yake.” Kila mtu anamtazama wa pembeni yake. Mchungaji ndiye steringi, anaingia dakika kumi za mwisho na kumshinda adui kwa kelele. Nami niliwahi kuhubiri hivyo, na sadaka siku ile ilikuwa nzuri. Kesho yake mama mmoja alikuja kuniuliza kama nilikuwa nikimsema mkwe wake.

Sisi Walutheri tuna Katekisimo Ndogo tangu mwaka 1529, na watoto wetu huikariri. Katika amri ya nane Luther haishii kukataza uongo. Anataka nimtetee jirani yangu, nimseme vizuri, na kila jambo lake nilichukulie kwa upande ulio mwema. Sinema ya kusisimua haiwezi kusimama juu ya sheria hiyo hata dakika tano, na wala haitakiwi. Usharika unatakiwa.

Wanafunzi walipomwona yule kipofu wa tangu kuzaliwa, walimuuliza Yesu nani ametenda dhambi, yeye au wazazi wake. Hilo ni swali la mpelelezi. Yesu hakuwapa jina. Naye nabii Nathani alimsimulia Daudi kisa cha mwana-kondoo wa maskini hadi mfalme akawaka hasira akitaka mkosaji auawe, ndipo Nathani akamwambia kwamba mkosaji ni yeye aliyekuwa akisikiliza.

Jumapili iliyopita yule bibi alikuja ofisini na beseni la maandazi ambayo hayakununuliwa. Aliuliza, “Baba Mchungaji, nihamie kwa mwanangu Chalinze?” Sikuwa na jibu. Niliyanunua yote nikayapeleka darasani, nikala la kwanza mbele yao. Vijana wakala. Wawili hawakugusa.