KFC Kuishiwa na Chips: Tulikasirika, Lakini Kuna Kitu Tulisoma?

Unakumbuka Januari 2022? Unaingia KFC na njaa yako, unaambiwa chips zimeisha, chukua ugali ama soda badala yake. Sababu? Meli imechelewa. Twitter ikawaka, #BoycottKFC ikapanda. Manze, waru zimejaa Nyandarua na nyinyi mnangoja meli?

Hasira ilikuwa halali. Lakini hebu tuongee ukweli. Hawa wasee hawauzi kuku tu, wanauza uhakika: chips za Nairobi zikuwe sawa na za Mombasa, Jumatatu kama Jumamosi. Ndio maana walisema anayewaletea waru lazima apite ukaguzi wao wa kimataifa. Inafika kama imeshakatwa na kugandishwa, mpishi anafuata saa, hakuna kukisia.

Sasa cheki Shangi, waru ambayo wakulima wetu wengi hupanda. Inaiva haraka, inapikika poa, lakini ukiiweka stoo kidogo imeota. Kwa hivyo mkulima anauzia broker chap chap, bei yoyote. Bila stoo nzuri na mbegu tofauti, hiyo doh ya KFC ataisikia tu kwa redio.

Na wewe mwenye kibanda cha chips, usicheke. Leo zimekauka fiti, kesho zimelowa mafuta juu kijana mpya hajui wewe huweka moto aje. Si umwandikie kwa ukuta: mafuta yanabadilishwa lini, sahani moja ni kiasi gani? Mimi pale kwetu huuliza kwanza nani yuko jikoni. Nikiambiwa ni yule mwingine, nachukua chapo.