SIKUKUU NI ZA NANI?



Mwaka unapoanza, kalenda mpya hutundikwa ukutani katika nyumba zetu, na jambo la kwanza tulitazamalo ni tarehe zilizopigwa chapa kwa wino mwekundu. Watoto huzihesabu kwa furaha. Mama mwenye nyumba huzihesabu kwa hofu, maana anajua kila sikukuu ina gharama yake. Nasi wa chama twazihesabu kwa namna ya tatu. Twauliza: siku hiyo ni nani atakayepumzika, ni nani atakayekuwa kazini, na kila mmoja atalipwa nini?

Hatuulizi haya kwa kuwa hatupendi sikukuu. Twazipenda sana. Twapenda pilau ya Idd inayopelekwa kwa jirani Mkristo, na chapati za Krismasi zinazorudi katika sahani ile ile. Twapenda kumwona mzee wetu kijijini angalau mara moja kwa mwaka. Lakini kitu ukipendacho hukiachi kikachukuliwa na wengine huku unatazama.

Kwanza tukumbuke kwamba siku hizi hatukupewa bure. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma wakitaka kazi ya saa nane kwa siku. Siku chache baadaye, katika mji wa Chicago, bomu lilitupwa mkutanoni, watu wakafa, na mwaka 1887 viongozi wanne wa wafanyakazi wakanyongwa. Mwaka 1889 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris wakakubaliana kuwa siku hiyo iwe ya wafanyakazi wote. Hapa kwetu, tarehe 1 Mei 1949, Fred Kubai na Makhan Singh walianzisha East African Trade Union Congress. Serikali ya kikoloni ilikataa kuiandikisha. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakaacha kazi. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961.

Tazama tena tarehe 20 Oktoba, ambayo tangu Katiba ya 2010 twaiita Siku ya Mashujaa. Usiku ule wa 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, waliokamatwa hawakuwa wanasiasa peke yao. Katika wale sita walioshtakiwa Kapenguria, Kubai na Bildad Kaggia walikuwa watu wa vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo Madaraka ya 1 Juni 1963 na Uhuru wa 12 Desemba 1963 vina jasho letu ndani yake. Mfanyakazi anaposimama pembeni mwa uwanja siku ya Jamhuri, asijione mgeni katika karamu ya watu wengine.

Sasa tutazame hali ilivyo. Sikukuu inapofika, meli haziachi kufunga gati Mombasa. Wagonjwa hawaponi kwa sababu ni Ijumaa Kuu. Hoteli ndipo zinapojaa, magari ya kwenda mashambani ndipo yanapopandisha nauli, na mlinzi wa usiku ndipo anapoambiwa akaze macho, maana wenye mali wamesafiri. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa na jina la Moi, ikaitwa Huduma, kisha Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa siku ya Mazingira. Jina limebadilika mara hizo zote, lakini zamu ya mlinzi ni ile ile.

Hatusemi kazi hizo ziachwe. Twasema zilipwe. Masharti ya jumla ya mishahara yasema kwamba saa ya kazi katika siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili ya saa ya kawaida. Lakini tumeona mahali ambapo malipo hayo hugeuka kuwa mkate na soda na neno la asante. Tumeona karani wa mishahara akiandika sikukuu kama siku ya kawaida, na mfanyakazi akitia sahihi kwa sababu ana haraka ya kulipa kodi ya nyumba. Asante ni neno zuri, ndugu, lakini halilipi karo.

Tena kuna ndugu zetu vibarua, ambao kwao wino mwekundu ni hasara tupu. Mwenye mshahara wa mwezi akipumzika, mshahara wake hausogei. Kibarua wa kutwa akiambiwa leo ni sikukuu, rudi kesho, amekwenda na mfuko mtupu. Hesabuni wenyewe: tarehe 25 Desemba, tarehe 26, na tarehe 1 Januari. Siku tatu zimeondoka katika siku nane, na shule zinafunguliwa. Taifa linasherehekea, naye anafunga bila kuwa mwezi wa Ramadhani. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwenye mkataba wa mshahara wa mwezi. Waajiri wengine wanaijua sana, ndiyo maana humsimamisha mtu siku chache kabla mwezi haujatimia, halafu wakamwita tena.

Jambo la tatu ni letu sisi kwa sisi. Sikukuu ya Idd-ul-Fitri hungoja mwezi uonekane, lakini orodha ya zamu huwa imekwisha kubandikwa. Mwezi haumngoji meneja. Twajua kazini kwingi ambako Mkristo humshikia Mwislamu zamu siku ya Idd, na Mwislamu akamshikia mwenzake siku ya Krismasi. Huo ndio udugu wa chama, na hauhitaji barua ya mtu yeyote mkubwa. Palipo na desturi hiyo idumishwe, na pasipo nayo ianzishwe.

Na tusisahau dada anayepika katika nyumba za baadhi ya wanachama. Yeye pia ni mfanyakazi, na sheria inampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka kwa mshahara kamili. Haifai mtu kumdai meneja malipo ya Krismasi mbele ya watu, na jikoni kwake kuna msichana asiyeijua sikukuu hata moja tangu Januari. Atakayemwendea tajiri kudai haki na aende na mikono safi.

Basi twawaomba mambo haya. Kila mfanyakazi aandike katika daftari lake kila sikukuu aliyofanya kazi, na saa alizofanya. Mwisho wa mwezi alinganishe na hati yake ya mshahara kabla ya kutia sahihi. Kikikosekana kitu, amwone mjumbe wa chama mahali pake pa kazi, asikae akinung'unika chini ya mti. Wajumbe nao wawaandikishe vibarua tarehe walizoanza kazi, maana kibarua asiye na tarehe hana ushahidi. Na mapatano mapya yatakapozungumzwa, malipo ya sikukuu yasiachwe mwisho, wakati kila mtu amechoka na anataka kwenda nyumbani.

Tukifanya hivyo, kalenda ya mwaka ujao itakuwa na siku zile zile, wala hatutaongeza hata moja. Ila mlinzi aliye langoni usiku wa Krismasi atajua kwamba saa zake zimeandikwa, na kwamba atalipwa.