Ofisi za Mafia Zijifunze kwa Mafundi wa Chole

Katika kisiwa cha Chole, mkabala na Utende wilayani Mafia, mafundi wa majahazi huchonga mbao chini ya kivuli cha miti, upepo wa bahari ukiwapunga. Adhana ya adhuhuri ikilia, tezo na keekee huwekwa chini.

Karani anayeshinda kwenye chumba chenye joto, simu ya bosi ikimfuata hadi usiku, hana nafuu hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Ufaransa imekwenda mbele zaidi: tangu 2017 sheria yake inatambua haki ya mfanyakazi kutoshughulikia ujumbe wa kazi akiwa mapumzikoni.

Wenye hoteli na wakuu wa idara Mafia hawahitaji mtaji mkubwa. Wajenge baraza zenye kivuli, wafungue madirisha mapana, waheshimu muda wa chakula na swala, wala wasimpigie mtumishi simu usiku pasipo dharura. Waanze na ile saa moja ya mapumziko, ambayo tayari ni haki ya kisheria.