Taa Zinazosikia Ngoma



Juma lililopita, baada ya likelemba, tulibaki kupanga sherehe ya tarehe 8 mwezi wa tatu. Vitenge vimeshonwa, vyakula vimegawanywa, kwaya iko tayari. Ndipo binti wa mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa sekondari, akaomba atuonyeshe kitu. Alikuwa na boksi la viatu lenye matundu, na katika kila tundu taa ndogo. Akaweka rumba kwenye telefone yake. Ngoma ilipogonga, taa ziliwaka, ilipotulia, zikazima. Tulipiga vigelegele. Halafu tukamwambia: mwanetu, tufungulie boksi tuone.

Ndani mna kibao cha Arduino, hakizidi kiganja cha mkono. Vibao hivi vilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasio mafundi wa umeme. Moyo wake ni mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo sana inayorudia bila kuchoka kazi uliyoiandikia. Sikio lake ni mikrofoni. Sauti inatikisa hewa, mikrofoni inageuza mtikisiko huo kuwa umeme kidogo, na kibao kinaupima maelfu ya mara kwa sekunde. Kila kipimo ni namba kati ya 0 na 1023. Pakiwa kimya, namba za kibao chake zinakaa karibu na 512. Ngoma ikigonga, zinaruka juu na kushuka chini. Binti ameandika programu inayotazama kila kipande cha milisekunde 50, yaani vipande 20 kwa sekunde moja, na kutoa namba ndogo kutoka namba kubwa. Tofauti ikipita kiwango alichokiweka yeye, taa inawaka. Isipofika, taa inazima.

Mama mmoja aliyekaa nyuma hakupiga vigelegele. Akaomba neno. Akasema: "Mtoto wangu ana kifafa. Katika arusi moja, taa za kumetameta zilimwangusha mbele ya watu. Siku ya sherehe, nimwache nyumbani?"

Tulinyamaza. Tumekaa naye miaka, na hakuwahi kututajia jambo hilo. Tunajua sababu. Mtoto akianguka, wengine husema ni pepo, wengine ni ulozi, na wengine huogopa hata kumgusa. Tuseme wazi: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi, na kina dawa.

Mwenzetu aliye muuguzi akatufafanulia. Si kila mwenye kifafa huangushwa na taa. Katika wagonjwa 100, ni kama 3 hivi, na wengi wao ni watoto na vijana. Hatari kubwa ni taa inayowaka na kuzima kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde, na rangi nyekundu kali huzidisha hatari. Huko Japani, mwezi wa kumi na mbili mwaka 1997, filamu moja ya katuni kwenye televisheni ilimetameta nyekundu na buluu kwa sekunde chache tu. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali.

Binti alihesabu kwa vidole. Vipande 20 kwa sekunde: taa zake zingeweza kuwaka na kuzima hata mara 10. Akasema, "Mama, nisamehe, sikujua." Yule mama akamjibu, "Hujanikosea, mwanangu. Ungejuaje, nami sijasema?"

Akafungua kompyuta palepale. Kwanza, akaweka amri kwamba taa ikishawaka, isiwake tena kabla ya nusu sekunde kupita. Haitazidi mara 2 kwa sekunde, hata ngoma ikikimbia namna gani. Pili, taa isizime kabisa, ipungue polepole kama makaa yanayofifia, halafu ipande polepole. Tatu, akang'oa taa nyekundu, akaweka za rangi ya manjano. Tulipowasha muziki tena, taa zilipumua pamoja na wimbo. Wengine wetu tuliona zimependeza kuliko mwanzo.

Yule mama hakusema mara moja kwamba mtoto atakuja. Alisema atamuuliza kwanza daktari wake, na akikubaliwa atamkalisha mbali na taa, yeye mwenyewe kando. Tumekubaliana pia kwamba akisema taa zizimwe, zitazimwa, na hakuna atakayenung'unika.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kabla ya sherehe yoyote yenye taa za kumetameta, ulizeni wageni mapema, na muulize kwa siri, ili mwenye mtoto kama huyu asilazimike kusimama mbele ya watu. Mtoto akianguka, mlazeni kwa ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimshike kwa nguvu, wala msimtie kijiko mdomoni. Tazameni saa: ikipita dakika 5, mkimbizeni hospitali. La tatu ni la wenye watoto wanaopenda kuchezea waya. Kibao hiki kinatumia volti 5 tu, kama chaja ya telefone, na binti alikilisha kwa betri ya kuchajia. Umeme wa ukutani ni volti 220, nao unaua. Mtoto asiuguse, hata akijiita fundi.

Msimkataze msichana wenu kufungua redio iliyokufa. Kaeni kando yake, mumuulize anafanya nini, mumweleze ni nani wataketi mbele ya taa zake. Huyu wetu amekubali kuwafundisha wasichana wengine kila Jumamosi mchana, baada ya kazi za nyumbani. Mwenye binti anayetaka, amlete na daftari.

Tutaonana kwenye sherehe. Tunaomba tumwone na yule mtoto.