Ukuta Mbichi Haufichwi kwa Rangi ya Harusi



Harusi ikikaribia huku Ndagoni, kazi mbili hufanywa mbio kuliko zote: kushona nguo na kupaka rangi chumba cha bi harusi. Nguo hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu leo ni na ile rangi. Inapakwa juu ya ukuta uliolowa, lipu imeanza kupukutika, michirizi ya maji imeteremka kutoka juu hadi usawa wa kitanda. Fundi anaitwa Jumatatu, Jumanne amelipwa fedha yote, Alhamisi chumba kinang'aa, Ijumaa nikahi. Masika ikishuka, doa linarudi palepale, na safari hii limekuja na ukungu mweusi. Fundi yuko Kilindoni, au ameshavuka bahari kufuata kazi nyingine. Sisi mkononi hatuna hata kipande cha karatasi.

Tunasema wazi: hayo si matengenezo, ni kuuvika ukuta mgonjwa nguo mpya. Tena tunasema hivi: mwanamke wa Kiislamu anayetoa mahari yake, au zamu yake ya mchezo, akamkabidhi fundi bila kuandikiana naye, ameliacha jambo ambalo dini yake imemwelekeza. Na sisi wenzake tunaomwambia "usimwandikie fundi, utamvunjia heshima" ndio tunaomponza.

Kwanza tukubaliane kwamba maji kwetu si mgeni. Mvua ya Mafia kwa mwaka hukaribia milimita 2000, na nyingi huanguka miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua kisiwani hapa hapa, na wanaolala chini ya bati lililolegea walijua usiku ule thamani ya msumari uliopigwa vizuri. Na sisi wa upande huu hatuhitaji kufundishwa nguvu ya maji. Kule Ras Kisimani palikuwa na mji wa kale wa Waislamu, na sehemu kubwa ya mji ule imeliwa na bahari. Watu wenye historia kama hiyo hawapaswi kuyachukulia maji kama doa la kufutwa kwa brashi.

Sasa tuje kwenye dini, maana hapa ndipo tunapopenda kujificha. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye mali kulikoni. Yule akajibu kwamba mvua ilikinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Dada zetu, tazameni kosa la mtu yule lilikuwa wapi. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa kuweka kikavu juu na kibichi chini. Sasa huo ukuta wetu wa harusi una tofauti gani na lile rundo? Fundi anayejua kuwa ndani ni kubichi akapaka juu akachukua fedha, ameghushi. Na sisi tunaomwambia "paka tu, fundi, wageni wasione, mengine baada ya harusi", tumeshika brashi pamoja naye.

Kuficha huku kunamuumiza nani? Si wageni, wao wamekula pilau wakaenda zao. Anaumia bi harusi. Ndiye anayelala humo. Ndiye atakayemlaza mtoto kwenye kitanda kilichosogezwa ukutani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, likaeleza kwamba wakaaji wa nyumba za namna hiyo huandamwa zaidi na maradhi ya kifua, pumu ikiwemo. Tunamjua binti mmoja aliyeingia chumba kilichopakwa rangi wiki moja kabla ya harusi. Kabla masika haijaisha, kanga zake za sandukuni zilikuwa na madoa meusi na godoro linanuka. Fedha iliyopaka rangi ile ilikuwa mahari yake. Fundi mwingine aliitwa, naye akapaka juu ya ile ile.

Ukuta hausemi uongo, ila unataka mtu wa kuusikiliza. Doa linaloanzia juu na kukua kila mvua inaponyesha limetoka paani: msumari uliolegea, kofia ya bati iliyopasuka, makuti yaliyochoka, au bati lisilotokeza vya kutosha nje ya ukuta. Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda, ukiacha unga mweupe kama chumvi, umetoka ardhini. Tofali hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta, hasa pale ambapo msingi haukutandikwa nailoni ya kuzuia maji. Doa lililo katikati ya ukuta, masika na kiangazi, linakuelekeza kwenye bafu au bomba la upande wa pili.

Kuna na sababu nyingine tunayoijua lakini hatuitaji: mchanga wa pwani. Uko karibu, hauna bei, na punda mmoja anakuletea. Lakini chumvi iliyomo huvuta unyevu kutoka hewani, huisukuma lipu mpaka ikabanduka, na huozesha nondo kwa kutu. Fundi akikuambia mchanga ni mchanga, mwambie kwako sivyo. Na kwa wenye nyumba za zamani za mawe na chokaa: ukuta ule hupumua. Ukiukandika lipu nzito ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea.

Kwa hiyo kazi ya kweli ina mpango wake. Chanzo cha maji kizibwe kwanza. Lipu iliyooza ibomolewe. Ukuta uachwe ukauke, na kukauka huko ni wiki nyingi, pengine miezi. Ndipo lipu mpya, na rangi mwisho kabisa. Anayekuahidi yote hayo ndani ya siku nne anakuuzia rangi tu.

Hapa ndipo karatasi inapoingia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya 282 ya Suratul Baqara, na maudhui yake ni kuandikiana. Inawaelekeza waumini waandike deni lenye muda maalumu, waweke mashahidi, na wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Wanazuoni wengi wamesema amri hiyo ni ya kupendekezwa, si faradhi. Sawa. Lakini aya hiyo hiyo imetoa nafasi ya kutoandika kwa biashara ya papo kwa papo, ya nipe nikupe. Kazi ya fundi si nipe nikupe. Unatoa fedha leo, ukuta unaupata mwezi ujao. Katikati hapo pana deni, na deni ndilo tulilofunzwa kuliandika.

Tunajua mtakayoambiwa. "Kuandikiana ni kutoaminiana." Ala! Mbona nikahi yako ina walii, ina mashahidi wawili, ina mahari iliyotajwa, na cheti juu yake? Ina maana mume wako hukumwamini? Karatasi huwekwa kwa sababu binadamu husahau na hufa, na wanaobaki hugombana. "Fundi ni ndugu yetu." Basi mwandikieni ili abaki ndugu. Wangapi hawasalimiani kijijini kwa ajili ya mifuko mitatu ya saruji ambayo kila mmoja anaikumbuka kivyake? "Mafundi ni wachache, ukimbana atakwenda kutafuta kazi hotelini Utende." Huko hotelini anakokwenda, mnadhani anapewa kazi kwa mdomo? Anatia saini, na hakasiriki. Iweje saini ya tajiri iwe kawaida na saini ya Bi Harusi iwe kiburi?

Wala hatuhitaji wakili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, na uwe na haya:

1. Maji yanatoka wapi. Huu uwe mstari wa kwanza. Fundi asiyeweza kuuandika hajaukagua ukuta.
2. Kazi gani itafanywa, kwa mpango gani, na ukuta utaachwa ukauke kwa muda gani kabla ya lipu na rangi.
3. Vifaa: mifuko mingapi ya saruji, mchanga wa wapi, mabati na misumari mingapi, na nani atanunua. Saruji yetu inavuka bahari kuja huku, kila mfuko una uchungu wake.
4. Malipo kwa hatua: kianzio, sehemu nyingine chanzo kikishazibwa, na kiasi kinachobaki hadi mvua kubwa ya kwanza ipite juu ya kazi.
5. Lipu ikirudi kubanduka, nani atarudia na kwa gharama ya nani.
6. Tarehe, saini mbili na mashahidi wawili.

Tuliseme na hili, maana ndilo linalouma zaidi. Mara nyingi fedha ni ya mwanamke, na anayezungumza na fundi ni mjomba au kaka. Mwenye fedha yuko jikoni anachemsha chai ya kikao. Hatusemi mjomba afukuzwe, heshima yake iko palepale, na kukaa naye kikaoni ndiyo adabu yetu. Tunasema mwenye fedha akae pale, asikie, aulize, na saini iwe yake. Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara wa Makka, akiwapa wanaume mali yake waende nayo safari kwa makubaliano, na Mtume wetu mwenyewe alimfanyia kazi kabla ya kumwoa. Hakuna aliyesema amekosa haya. Na sheria ya nchi haitupingi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kufunga mkataba, na kushitaki pale mkataba unapovunjwa. Haki hiyo ina zaidi ya miaka hamsini, na bado tunaiacha sebuleni tukaenda kuchochea mkaa.

Lakini haki ni mizani, na mizani ina vikapu viwili. Sisi nasi tuna ghushi yetu. Tunamkamua fundi bei mpaka abaki na njia moja tu, kupunguza saruji na kuongeza mchanga. Tunamwambia aanze kabla vifaa havijafika, kisha tunamlaumu kwa siku alizokaa bure. Kazi inakwisha vizuri, na salio linageuka "njoo kesho". Mtume (s.a.w.) ametufunza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kwa hiyo karatasi hiyo inamlinda na fundi. Fundi mwaminifu, nao wapo wengi, ataifurahia kuliko sisi, kwa sababu itamtenga na wale wanaolichafua jina la kazi yake.

Na kwako, bi harusi mtarajiwa, mama na somo wamekwisha kukufunza mengi ya kuingia nalo chumbani. Ongeza hili moja. Harusi ikiwa baada ya wiki mbili na ukuta umelowa, usikubali upakwe. Ziba bati, bomoa lipu iliyooza, uache ukuta wazi, tundika pazia au kanga nzuri mbele yake, na mwenye kuuliza mwambie unakauka. Hapana aibu hapo. Mwenye rundo lile sokoni angeweka kilicholowa juu, angeondoka na mali yake kidogo na heshima yake yote.

Allah atujaalie nyumba zenye utulivu, atupe mafundi waaminifu, na atuepushe na kula haki ya mtu. Amin.