Makumbusho Bila Wenyewe ni Ghala

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu palikuwa na kiti cha enzi kilichotiwa njumu za pembe. Mtoto hakukikalia. Kiliwekwa kwa mgeni wa heshima na kwa bwana arusi siku yake. Kisha akaja mnunuzi wa vitu vya kale, na bibi, ambaye wakati huo alihitaji fedha za dawa, akakitoa kwa bei ya magunia machache ya mchele. Mimi nilisaidia kukibeba hadi gatini. Hata leo mabega yangu yakumbuka uzito wake.

Kisa hiki hunirudia kila niingiapo Makumbusho ya Lamu, katika jumba lile la ukingoni mwa bahari walimokaa wakubwa wa Kiingereza zama za ukoloni. Ndani mna siwa mbili mashuhuri, ile ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba. Watu hutoka ng'ambo kuja kuzitazama. Nasi wenyewe je? Wengi wetu twalipita lango lile kama tupitavyo afisi ya serikali, mtu asiyekuwa na shida haingii.

Haya si makosa ya upande mmja. Kibandiko chaweza kueleza urefu wa siwa na umri wake. Lakini ilipigwa katika arusi za watu gani, na nani alinyimwa heshima hiyo, hayo yamo vifuani mwa wazee. Mzee akifa kabla hajaulizwa, kioo kitabaki na pembe tupu.

Njia imekwisha kuonyeshwa. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa jela hadi mwaka 1984, ndipo ikapewa Makumbusho ya Taifa. Palipofungiwa watu leo pana maktaba, na mji hukutana humo kwa mikutano na sherehe. Tamasha la utamaduni nalo, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, limewaleta pamoja washindani wa majahazi na punda, wachoraji hina na watunzi wa mashairi. Ni jambo jema. Ila tamasha ni siku chache, na mwaka una siku nyingi.

Linalotakiwa ni kazi ya kila juma: vijana wa sekondari wajitolee Jumamosi kuwaongoza wenzao, kina mama washone kofia za viua na kusuka ukili mbele ya watoto, nao wapewe ukumbi wao wenye stara, fundi wa nakshi aeleze kwa nini ua hili huchorwa juu ya mlango.

Hapa, msomaji, pana jambo la kutahadhari. Neno "kujitolea" ni tamu kinywani mwa mwenye mshahara. Kijana atoaye Jumamosi yake hupata elimu, na hiyo yamtosha. Lakini fundi aliyeacha patasi yake tangu asubuhi amekosa riziki ya siku ile. Kumwambia afundishe bure kwa kuwa utamaduni ni wake ni kumdhulumu kwa maneno mazuri. Katiba ya mwaka 2010 imeyataja makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Basi bajeti ya kaunti na imjue fundi huyo.

Nasi wananchi tuna fungu letu. Wazee wetu walijua maana ya wakfu. Mtu aliacha shamba au kisima, na aliyefaidika hakuuliza kilikuwa cha nani, bali alikitunza ili na mwingine anywe. Aliyechimba alipata thawabu, na aliyefagia pembeni mwake hakukosa. Ujuzi nao waweza kuwekwa hivyo. Ajuaye jina la ala, namna ya kuchanganya chokaa au kisa cha mtaa wake, saa moja kwa juma haitamfilisi.

Kiti cha bibi sitakipata tena. Lakini naweza kumweleza mtoto wa jirani nani alikikalia, na kwa nini sisi watoto tulikatazwa. Jumamosi ijayo, inshallah, nitakwenda kubisha hodi pale makumbusho niulize kama wana nafasi ya mzee wa kusimulia.