Kaya si jina la msitu

Kila habari ya kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya inapozuka, iwe ni mti uliokatwa usiku au kipande cha ardhi alichouziwa mtu wa mbali, madai yaleyale hurudi. Baadhi yake hutoka kwa watu wanaozitetea kaya kwa nia njema, na hayo ndiyo hunikera zaidi.

La kwanza ni kwamba kaya maana yake ni msitu mtakatifu. Muulize Mdigo, mmoja wa Wamijikenda, msitu unaitwaje, atakwambia tsaka. Kaya ni kwake: akifunga duka jioni hurudi kaya, na hakuna anayedhani anakwenda kutambika. Msukuma naye boma lake huliita kaya, na Tanzania nzima karani wa sensa hupita akimuulizia mkuu wa kaya. Msitu umeingia katika habari hii kwa sababu ya ujenzi. Kijiji kilikaa katikati, penye uwazi uliofyekwa, na pori nene likaachwa kwa makusudi liwe ukuta wake, likikatwa na njia chache nyembamba zenye malango. Ndani yake kulikuwa na moro, pahali wazee walipokaa baraza, na fingo, dawa ya kinga iliyofukiwa ardhini. Pori lilikuwa ua. Kuuita ua jina la nyumba si kosa kubwa kwa mtalii, ila mwenyeji hana udhuru.

La pili ni la wale wanaoamini kila neno la pwani lilishuka na jahazi. Wao hulitoa kaya kwenye neno la Kiarabu la kijiji, qarya. Wazulu husema ikhaya, Watsonga husema kaya, na wote humaanisha nyumbani. Neno lililoenea kutoka Usukumani hadi Natal halikungoja wafanyabiashara wa Mombasa. Tuendelee.

La tatu ni kwamba misitu hii haijaguswa tangu kuumbwa kwa dunia. UNESCO yenyewe, ilipoingiza misitu kadhaa ya kaya katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, iliieleza kuwa mabaki ya vijiji vyenye ngome, vilivyoanzishwa tangu karne ya 16 na kuhamwa kabisa kufikia miaka ya 1940. Humo mna makaburi, mna vigae vya vyungu, mna nyuga ambazo miti haijazifunika bado. Watu walitoka kidogo kidogo kufuata mashamba na biashara, hasa katika karne ya 19. Nyuma walibaki wazee wachache na wafu wote. Utakatifu unaoonekana leo umeota juu ya makazi ya watu, na anayesifu pori bikira anawafuta waliolala chini yake.

La nne ndilo zito: kaya ni pango la uchawi na mashetani. Hili husemwa kanisani, husemwa msikitini, na vijana wengi wa Kilifi na Kwale wamelimeza. Nenda Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, uone masharti yake ya heshima. Kabla ya kuingia unafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Wapenzi hawabusiani humo. Hutoki na chochote, hata jani lililokwisha kuanguka lenyewe. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotuhumiwa uchawi na jamaa zao wenyewe, mara nyingi kwa sababu ya mvi na shamba linalotamaniwa. Mtuhumiwa wa uchawi akikimbilia kaya, basi anayesema kaya ndiyo kiota cha wachawi ana kazi ya kutueleza.

Nakiri wanaozishuku kaya wana hoja moja. Mwaka 1997, ghasia za Likoni zilipozuka, Kaya Bombo ilitajwa kuwa mahali vijana walipolishwa viapo, na watu wasio na hatia waliuawa. Hilo halifichiki. Lakini kiapo hupelekwa kaya kwa sababu ndipo neno la mtu lina shahidi, kwa jema na kwa baya. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama, nao ni Wamijikenda, katika Kaya Fungo na kuwaapisha wasiutumikie utawala wa Waingereza. Mwaka uliofuata Waingereza wakailipua kaya hiyo kwa baruti. Wagiriama wengi walikuwa wameshahama zamani, wametawanyika hadi ng'ambo ya mto Sabaki. Serikali ilijua vizuri kwamba nguvu ya mahali haikuwa katika idadi ya vibanda.

Dai la mwisho ni fupi na hupendwa na wenye kutaka viwanja: hamuishi humo tena, kwa hiyo ni ardhi tupu. Tangu 1992 kaya nyingi zimetangazwa kisheria kuwa urithi wa taifa, na bado kisiwa cha Chale, chenye kaya yake, kina hoteli ya watalii. Kwa hoja hiyo ya kutoishi humo, nusu ya Nairobi haina kwao. Mtu hupanga Kayole miaka thelathini, Desemba ikifika hupanda basi kwenda Siaya au Machakos, na akifa huzikwa huko huko. Sijasikia afisa wa ardhi akimwambia kwamba boma la babake ni kiwanja kisicho na mwenyewe.